Pini Mdomoni

Kama ulitaka kujua fundi yule ana kazi gani mezani, hukuwa na haja ya kuitazama nguo. Ulimtazama mdomo. Akiwa na pazia au sare za shule, mdomo uko wazi, unaongea, unacheka, unamsema mteja aliyeitelekeza suruali yake dukani mpaka panya wameizoea. Lakini akishika kazi yenye thamani, gauni la bibi harusi, au koti la kijana wa watu anayekwenda kuomba kazi, hapo pini zinahamia mdomoni, midomo inabanwa, na hata ungemwambia duka linaungua angekujibu kwa pua. Mtaa mzima ulimwita Dada Pini, na wengi hawakujua kama ana jina lingine.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango mbele na dirisha nyuma. Cherehani ilikaa karibu na mlango ipate mwanga, pasi ilikuwa na kona yake, kioo cha wateja kilitundikwa ukutani na ufa wake chini upande wa kushoto, na katikati ilisimama meza pana ya kukatia. Kila siku baada ya chakula cha mchana meza hiyo ilifagiliwa nyuzi na vipande ikawa meza ya karata. Saa hizo jua ni kali, wateja ni wa kuokoteza, na kaka yake anakuwa amekwisha kufika.

Kaka huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, watu wakimwita Cheche, na ujana wake wote aliumaliza akifuata kazi za madaraja na matangi ya maji, akilala kambini na wanaume wenzake. Wazazi walipofariki ni yeye aliyemlea Pini, akamsomesha, akamnunulia cherehani ya kwanza. Huko kambini ndiko alikojifunza poka, mchezo ambao, kwa maneno yake mwenyewe, mwenye karata mbovu anaweza kumfukuza mwenye karata nzuri ilimradi ajue kukaza uso. Na uso wa Cheche, jamani, ulikuwa umekaa nyuma ya ngao ya kuchomelea umri mzima. Haukusema kitu. Akifurahi ni ule ule, akikasirika ni ule ule. Mkewe alipofariki, watu walinong'ona msibani kwamba bwana huyu ana moyo wa chuma kama kazi yake. Pini peke yake ndiye aliyejua kwamba tangu siku ile kaka yake hajalala kitandani. Alikuwa akilala kwenye kiti.

Sasa Cheche alikuwa amestaafu, ana kisukari, na kidole kidogo cha mguu wake wa kulia kilikuwa na kidonda kisichotaka kupona. Kiatu kilimchubua, hakusikia maumivu, na alipokuja kugundua, mambo yalikuwa yameshaharibika. Muuguzi wa zahanati aliyekuwa akimfunga bendeji hakuzungukazunguka.

"Mzee, kidole hiki hakiponi tena. Nenda hospitali kubwa wakakiondoe. Leo tunazungumzia kidole. Ukikaa, tutazungumzia mguu. Ukizidi kukaa, sijui nikwambie nini."

"Nimekusikia," alisema Cheche. Akavaa kandambili zake, akarudi dukani kwa dada yake kucheza karata.

Pini aliomba. Alilia. Alinuna siku nzima, na kwa mtu anayependa kuongea kama yeye hiyo si adhabu ndogo. Kaka alikuwa na jibu moja tu. "Wifi yako aliingia kule hospitali kwa miguu yake mwenyewe. Uliona alivyotoka." Na kweli Pini aliona. Halafu huyu ni kaka aliyekulea, ni baba yako huyu. Utamshika mkono umburuze barabarani kama mtoto wa chekechea? Mdogo hamburuzi mkubwa, hata mkubwa akiwa anatembea kuelekea shimoni.

Mwenzake Cheche wa kucheza alikuwa fundi viatu wa jirani, ambaye benchi lake liliegemea ukuta wa duka kwa nje. Waliomwita Soli walimpatia, maana alikuwa mtu wa kukanyagwa na maneno ya kila mtu na asiumie. Kila mchana aliacha viatu vya watu akaingia ndani, akisema kiatu hakina haraka, mwenye haraka ni mguu.

Mchana mmoja wawili hao wakiwa katikati ya mchezo, Pini aliizima pasi, akaja kusimama mbele ya meza.

"Kaka, niambie leo. Nifanye nini ndiyo uende?"

Cheche aliendelea kuchanganya karata. Mikono yake ilikuwa na madoa meupe ya moto wa zamani, lakini karata zilimtii.

"Unajua ugonjwa wako ni nini?" alimwambia. "Hujui kudanganya. Tangu utoto. Wenzako wakivunja kikombe wanaficha. Wewe unakuja na vipande mkononi."

"Sasa hilo linahusiana nini na mguu wako?"

"Vuta kiti, ujifunze poka. Siku utakayonifanya nitupe karata za kushinda mbele ya karata zako mbovu, siku hiyo nafunga mzigo, naenda. Sitakuachia kwa huruma, na sitarudi nyuma."

"Mzee," alisema Soli, "si useme tu kwamba huendi."

"Nimesema nitakwenda."

Na Cheche akisema, amesema. Aliwahi kumwahidi mtu geti la nyumba siku ya harusi ya binti yake, akashikwa na homa kali, akalimaliza huku anatetemeka, mpaka leo lile geti lina mshono mmoja uliopinda. Pini alilijua geti lile. Akavuta kiti.

Pesa haikuingia mezani. Pini asingekubali, na Cheche mwenyewe alisema pesa inamfundisha anayeanza woga badala ya mchezo. Walichezea vifungo. Pini alishusha bati lake la vifungo, kila mmoja akachota konzi. Mchezo wenyewe, ukiusikia, ni mwepesi. Kila mtu anaweka kifungo katikati, anapewa karata tano, anaziangalia. Asizozitaka anazitupa, anapewa nyingine badala yake, mara moja tu. Kisha mnasukumiana vifungo: anayesukuma, wenzake ama wanamfuata kwa idadi ile ile, ama wanapandisha, ama wanalaza karata zao chini na kupoteza walichoweka. Wakibaki wawili wanaofuatana, wanafunua, na mwenye karata bora anachota. Lakini ukiwafukuza wote ukabaki peke yako, unachota bila kufunua chochote. Hapo ndipo penye uchawi wote.

Jozi inazidi karata kavu, jozi mbili zinazidi moja, tatu za namna moja zinazidi jozi mbili, na tano za rangi moja, kopa tupu kwa mfano, zinazidi hizo zote. Kuna nyingine juu yake, Cheche alisema, lakini hizo tutakutana nazo kama tunavyokutana na mvua ya mawe. Pini aliyashika hayo haraka. Kichwa hakikuwa shida. Shida ilikuwa ufundi cherehani.

Fundi cherehani hatupi kitu. Kipande cha kitambaa ukubwa wa kiganja anakiweka, kuna siku kitakuwa mfuko wa shati. Basi Pini akipewa karata tano mbovu, anaziangalia kwa jicho lile lile. Hii jeki huenda ikapata mwenzake. Hii saba ni kopa, na hii tatu nayo ni kopa, pengine zitakuja nyingine. Anabaki nazo, anasukuma vifungo, anafuata, anafuata tena, mwisho anafunua takataka.

"Ulikuwa unangoja nini?" kaka anamuuliza.

"Nilidhani zitapata kazi."

"Hizi si vitambaa. Mtu anayeanza ana ugonjwa huu, anadhani akipewa karata ni lazima acheze. Nyingi ni za kutupa. Tupa, ukae, uwatazame wenzako. Kutazama hakuna gharama."

Ugonjwa wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Vifungo vile alivijua kimoja kimoja. Kile cha pembe kilitoka kwenye koti la jaji, kile chekundu kilibaki kwenye gauni la mama fulani mwenye maneno mengi. Akishavisukuma katikati anavionea uchungu, na kwa uchungu huo anasukuma vingine kwenda kuvikomboa.

"Nitawezaje kutupa karata sasa hivi, na kifungo changu cha pembe kipo mle?"

"Si chako tena," alisema Cheche. "Kikishaingia katikati si chako. Maji yaliyomwagika hayazoleki. Swali ni moja tu: kwa karata ulizo nazo sasa hivi, uongeze au uache? Mchezaji mzuri si anayeshinda sana. Ni anayejua kuacha kidogo ili asipoteze kingi."

Pini alimtazama. Akautazama mguu uliokuwa umewekwa juu ya kistuli, juu ya mto wa vipande vya nguo aliomshonea yeye mwenyewe.

"Kaka, hayo maneno umeyasikia lakini ulivyoyasema?"

"Cheza," alisema Cheche.

Soli aliinama akajifanya anatafuta kitu kilichoanguka.

Hasira ilimsaidia Pini kwa siku chache, halafu kaka yake akamfundisha kwamba hasira nayo haichezi poka, kwani mwenye hasira anasukuma vifungo ili aumize, si ili ashinde. Kwa hiyo akatulia, akaanza kujifunza kama alivyojifunza kushona, kwa kufumua. Kila mchana akiisha kucheza alichagua kosa moja tu, kubwa kuliko yote ya siku ile, akalifikiria akiwa cherehanini. Asubuhi kabla ya kufungua mlango aligawa karata mezani kwa watu wanne wasiokuwepo, akazifunua zote. Hapo akagundua jambo ambalo kila anayeanza hulishangaa: karata nzuri ni adimu kwa kila mtu. Siku zote alizokuwa akidhani wenzake wana utajiri na yeye ni fukara, kumbe wote walikuwa wamekaa na njaa zao wamenyamaza.

Akaacha pia kuzipanga karata mkononi kama mabunda ya nyuzi, kubwa huku ndogo kule, maana kaka alimwonyesha kwamba anayekuangalia ukizipanga anajua zipi ni familia moja. Akajifunza kuhesabu mtu amebadilisha karata ngapi. Aliyebadilisha tatu ana jozi tu. Aliyebadilisha mbili jihadhari naye, huenda ana tatu za namna moja. Aliyebadilisha moja ana jozi mbili, au anaitafuta rangi yake ya tano. Na akaelewa kwa nini ni heri kusema mwisho kuliko kusema kwanza: wa mwisho amekwisha kuwasikia wenzake wote.

"Na mkwara?" aliuliza. "Huo wa kumtisha mtu kwa karata mbovu, ukoje?"

"Mkwara ni hadithi," Cheche alisema. "Lazima iwe na mwanzo. Huwezi kubadilisha karata tatu, ukafuata kwa kusitasita, halafu ghafla ukasukuma bati zima kama umeokota dhahabu. Nani atakuamini? Ukitaka kuniambia una rangi moja, niambie tangu mwanzo, halafu usibadilishe maneno."

Wiki zikapita, na Pini akawa mchezaji. Soli alianza kumwogopa, akimwona amesukuma vifungo anatupa karata na kusema ana kiatu cha mtu kinamsubiri. Lakini kwa kaka yake, wapi. Kila alipopiga mkwara, Cheche alimtazama kidogo, akafuata, akamkamata. Na kila alipokuwa na karata nzuri kweli, Cheche alimtazama kidogo, akatupa zake. Kama vile karata za Pini zilikuwa za kioo.

"Unanisoma wapi?"

"Hilo sikufundishi. Mwalimu hagawi ufunguo wa nyumba yake."

Aliyeugawa ufunguo alikuwa Soli. Asubuhi moja alikuja kuazima nta, akasimama mlangoni akiikanda kati ya vidole, anatazama huku na huku mpaka Pini akamwuliza kama ameiba kitu.

"Dada, ni zile pini," alisema.

"Pini gani?"

"Ukiwa na karata nzuri unabana mdomo. Hivi. Kama una pini. Ukiwa huna kitu mdomo unalegea, unakuwa kama unataka kumsema mtu. Mzee hatazami macho yako kabisa. Anatazama hapo tu."

Pini akaenda mbele ya kioo cha wateja. Akajaribu kuubana mdomo makusudi, kusudi amdanganye kaka yake kwa silaha yake mwenyewe. Soli alimtazama, akatikisa kichwa.

"Unaonekana kama mtu anayeumwa jino."

Akajaribu tena. Akajaribu akiwa amekaa, akiwa ameshika karata, akiwa amegeuka upande wa pili na kurudi. Jino likazidi kuuma. Soli akasema mzee akiliona hilo atacheka mpaka kidole kipone chenyewe, kisha akaona uso wa Pini, akaomba radhi. Basi Pini akaachana na kuigiza. Hilo halikuwa lake, kaka alisema kweli. Akaamua kufanya jambo jepesi: kuulegeza mdomo wakati wote, karata nzuri au mbaya, ili kaka asiwe na cha kusoma. Akawa anaufanyia mazoezi mbele ya kioo huku akipiga pasi, na wateja wawili watatu walimwuliza kama anajisikia vizuri.

Halafu ikaja asubuhi ya bendeji. Pini alimsindikiza kaka yake zahanati kama kawaida, na muuguzi alipomaliza kufunga alimvuta kando, nyuma ya kabati la dawa.

"Wekundu umepanda juu ya mguu. Umeuona?"

"Nimeuona."

"Daktari mpasuaji yuko wiki hii. Kesho apokelewe, bado inawezekana kikawa kidole peke yake. Akipitisha wiki hii, dada yangu, siwezi kukuahidi tena kidole."

Njiani Pini alimwambia kaka maneno yale yale. Cheche alitembea kwa fimbo yake, polepole, akisalimia watu. Mwishowe akasema, "Ahadi yangu unaijua." Pini alitamani kumpiga. Alitamani pia kumbeba mgongoni kama yeye alivyombeba miaka ile mvua ikinyesha na barabara ya shule imejaa tope. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alifungua duka.

Mchana ukafika, meza ikafagiliwa. Walicheza raundi nyingi zisizo na maana, vifungo vikienda na kurudi. Mkwara mmoja Pini alipiga, akakamatwa. Bendeji iliyofungwa asubuhi ilikuwa imeanza kuweka doa pembeni, na harufu yake sasa ilikuwa inafika mezani, ingawa watatu wale walijifanya hawaisikii.

Soli akagawa. Pini akafunua zake taratibu: kopa tisa, kopa saba, kopa nne, kopa mbili, na malkia mweusi aliyekuja kuharibu. Cheche alibadilisha karata mbili. Pini alimtupa malkia, akaomba moja. Soli alimpa. Akaichungulia. Ilikuwa sita nyeusi.

Hakuwa na kitu. Hata jozi hakuwa nayo.

Na alijua kaka yake ana nini. Mbili alizobadilisha zilikuwa zimekwisha kusema: mkononi ana tatu za namna moja, na pengine ameongezea. Cheche alisukuma konzi la vifungo katikati bila haraka. Soli alitupa zake. Zamu ya Pini.

Kila alichofundishwa kilimwambia atupe. Ni karata mbovu, mbele ya mtu mwenye karata nzuri, mtu ambaye Pini hajawahi kumdanganya hata mara moja. Tupa, ukae, utazame. Kesho ipo. Lakini kesho haikuwepo. Aliutazama mguu juu ya mto wa vipande. Alikumbuka kwamba mto ule aliushona kwa mabaki ya vazi la wifi yake, akaona waziwazi kaka yake akitolewa mlangoni kama wifi alivyotolewa, na yeye akibaki na meza, na bati, na kiti kitupu.

Hadithi ina mwanzo, alijiambia. Nilibadilisha moja. Akavikusanya vifungo vyake vyote kwa mikono miwili, pamoja na kile cha pembe, akavisukuma katikati.

Kisha akajikumbusha: mdomo. Ulegeze mdomo. Alijitahidi kama alivyofanya mbele ya kioo, na hakujua kama umemtii, kwa sababu uso wake wote ulikuwa umekufa ganzi.

Cheche aliinua macho. Hakuziangalia karata zake. Alimwangalia dada yake, chini kidogo ya pua, kwa muda mrefu kuliko siku yoyote. Pasi ilikuwa inapoa, inagongagonga yenyewe kwenye kona yake. Nje mtu alimwita Soli mara mbili kwa ajili ya kiatu, na Soli hakuitika.

"Ulibadilisha moja," alisema Cheche.

"Moja."

"Rangi imekuja."

Pini alikitazama kile kifungo cha pembe.

Cheche akapumua kwa pua. Akazikusanya karata zake, akazilaza chini kifudifudi, akazisogeza mbali naye kwa kidole kimoja.

"Chukua," alisema.

Pini hakuvigusa vifungo. Alizifunua karata zake moja moja mbele yake: tisa, saba, nne, mbili, na ile sita nyeusi ya aibu. Soli alisimama. Cheche aliziangalia karata zile kama mtu anayekagua mshono wa mwenzake, akitafuta pengo. Kisha, kwa kuwa ahadi ni ahadi, alizigeuza na zake. Wafalme watatu walilala mezani.

Halafu ule uso wa nyuma ya ngao ukaanza kufunguka, kwanza pembeni ya macho, halafu mashavu, na Cheche akacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Pini hakuwa amekisikia kicheko kile tangu msiba, na yeye badala ya kucheka alijifunika uso kwa kanga ya kufunikia cherehani, akalia kwa sauti, bila kujali mteja aliyekuwa amesimama mlangoni na sketi yake.

"Nyamaza basi," alisema kaka yake. "Unafunga mzigo au nifunge mwenyewe?"

Kesho yake walikwenda. Kidole kiliondolewa, na kile cha jirani yake pia, maana wekundu ulikuwa umeshapita. Mguu ulibaki. Heri nusu ya shari kuliko shari kamili, Soli alisema, na akaahidi kumtengenezea kiatu ambacho hata vile vidole viwili vilivyoondolewa vingekionea wivu.

Pini alikwenda kumwona kila siku duka likifungwa kwa chakula cha mchana. Siku Cheche alipoanza kukaa wima alimkuta ameegemea mto, shuka limenyooshwa. Ndipo alipotambua kwamba kaka yake alikuwa akilala kitandani, usiku baada ya usiku, kama watu wengine. Aliketi, akatoa karata kwenye mkoba.

"Uliniweza," alisema Cheche. "Nani alikwambia habari za mdomo? Soli?"

"Soli."

"Nilijua. Yule kinywa chake hakina kizibo." Alijiinua kidogo kwenye mto. "Lakini kuigiza vile, hapana, hilo sikulitegemea. Nimekaa na wachezaji wa kambi nzima. Zile pini nilikaribia kuziona kwa macho. Ulijifunza wapi?"

Pini alizichanganya karata. Angeweza kuuacha uongo ule ukae, ulikuwa mtamu, na kwa mara ya kwanza maishani angekuwa mjanja mbele ya kaka yake. Lakini mtu wa kuja na vipande mkononi haachi.

"Sikuigiza, kaka. Siwezi kuigiza, nilijaribu, nikaonekana naumwa jino. Siku ile nilikuwa nahangaika kuulegeza. Mdomo ulikataa."

"Ulikataaje, na hukuwa na kitu mkononi?"

"Nilikuwa nakuogopea wewe."

Uso wake ulikuwa ule ule. Aligeukia upande wa dirisha, na Pini aliona kidevu chake kikitetemeka kidogo, akajifanya anahesabu karata.

"Basi sikukosea kusoma," alisema kaka yake mwishowe, bado anatazama dirishani. "Haya, gawa."

Pini aligawa juu ya shuka, vifungo akavimwaga kwenye kikunjo kati ya magoti ya mgonjwa. Alizichungulia karata zake, akasukuma kile cha pembe. Cheche aliugeuza uso wake, akamtazama chini kidogo ya pua. Mdomo ulikuwa umelegea kabisa, uko tayari kumsema mtu.

"Leo huna kitu," alisema.

"Sina," alisema Pini.